Nywele Nyekundu kwenye Ngazi za Etterbeek

Nilipokuwa mtoto nilisimuliwa habari za kijiji kimoja cha pwani ya Ireland na mtu aliyejua kusimulia, na sasa mnasimuliwa na mimi, kwa hiyo naomba radhi mapema. Yeye alikuwa na pumzi ndefu na alijua mahali pa kunyamaza. Mimi nimesomea uchekeshaji wa jukwaani, na huko tulifundishwa kwamba ukinyamaza kwa sekunde tatu watu wanaanza kuvaa makoti yao. Nitaharakisha pasipotakiwa, nitacheka kabla yenu, na jina la kijiji chenyewe sitalitaja, kwa sababu nilifundishwa kulitamka kila Jumatano kwa muda wa miaka miwili, na mpaka leo nikijaribu watu wananiletea maji ya kunywa.

Mama yangu, Maman Béa kwa wote wanaomjua, alizaliwa Lubumbashi, lakini kabla hatujafika Brussels tuliishi miaka kadhaa Ndola, upande wa Zambia, na huko akajifunza Kiingereza cha sokoni. Kiingereza hicho ndicho kilichompa kazi. Sarafu za euro zilikuwa bado mpya, zinang'aa mfukoni, na mwanamke mmoja wa Ireland aliyekuwa mfasiri katika ofisi za Ulaya alikuwa akitafuta mtu wa kushinda na baba yake mzee. Mtu huyo alitakiwa kujua Kiingereza na kutoogopa ngazi. Mwanamke huyo aliitwa Madame Una, baba yake tulimwita Papa Kolumu, na ngazi zilikuwa za orofa nne bila lifti, huko Etterbeek.

Sisi tulikaa Forest, kitongoji kingine cha Brussels. Jumatano shule za Ubelgiji hufunga adhuhuri, na mama hakuwa na mahali pa kuniacha, basi nikipiga basi moja na miguu kidogo nakuwa mlangoni kwa Papa Kolumu, nimekula biskuti yangu ya kwanza kabla sijavua koti. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa na zaidi ya themanini, mabega mapana, mikono kama mbao za kukatia nyama, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Watu aliwajua kwa sauti na kwa rangi. Mama alikuwa sauti nzito na kichwa cheusi. Mimi nilikuwa kelele.

Kijiji chake, kwa maneno yake, kilikuwa na nyumba zisizofika thelathini, na zote zilikuwa zimeipa bahari mgongo, milango ikitazama mlima. Niliona ajabu, watu wa pwani wasiotaka kutazama maji.

"Bahari tulikuwa tunaiona kazini," alisema. "Wewe dirisha la chumba chako linatazama shule?"

Udongo hawakuwa nao, walikuwa na mwamba. Basi wazee wao walibeba mwani kwa vikapu mgongoni, wakauchanganya na mchanga, wakautandaza juu ya jiwe mwaka baada ya mwaka mpaka jiwe likakubali viazi. Halafu, zamani za babu wa babu yake, viazi vikaozea ardhini. Wengi wakafa, wengine wakapanda meli za Amerika. Matuta yao, alisema, yanaonekana mpaka leo mlimani jua likiwa chini, mistari mirefu isiyo na mwenyewe. Hilo alilisema bila kuhuzunika, kama mtu anayekuonyesha kovu la zamani.

Duka lilikuwa moja. Upande huu unauziwa chai na misumari, upande ule unauziwa bia, na nyuma mwenye duka anachonga majeneza. "Mtu angeweza kumaliza maisha yake yote bila kutoka mle ndani," alisema Papa Kolumu, "na wapo waliojaribu." Shuleni kila mtoto alikuja na bonge la udongo mkavu wa bwawani, ule unaowaka kama kuni, kwa sababu miti hakuna, na aliyekuja mikono mitupu alikaa mbali na moto. Mitumbwi yao ilikuwa ya fito na turubai lililopakwa lami. Wanaume watatu waliibeba kichwani, kifudifudi, na ukitazama kwa mbali unaona mende mkubwa wa miguu sita anateremka kwenda kunywa maji. Samaki wa kwanza walikuwa wa wajane. Waliachwa mlangoni bila kubisha hodi, ili mjane asilazimike kushukuru.

Hapo ndipo yalipo mambo yangu mimi, kwenye miiko. Ukiwa mtumbwini hutaji nguruwe wala padri, hupigi mluzi, na ukitoka ufukweni unageuza mtumbwi upande unaozungukia jua. Lakini mkosi mkubwa kuliko yote ni huu: mvuvi akikutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu akiwa njiani kwenda baharini, anarudi nyumbani. Habishani, haulizi. Anavua viatu, siku imekwisha.

Wanawake wa namna hiyo walikuwa watatu kijijini, na hakuna aliyewachukia. Asubuhi wanaume walikohoa kwa nguvu wakipita karibu na nyumba zao, nao wakabaki nyuma ya mlango mpaka waliposikia makasia majini. Ilikuwa adabu ya pande mbili. Mmoja wa hao watatu, Nora, Papa Kolumu alimwoa.

"Ulioa mkosi?" niliuliza.

"Njiani alikuwa mkosi. Ndani ya nyumba alikuwa mke wangu."

Alfajiri moja bahari ilikuwa imelala kama bakuli la maziwa. Papa Kolumu na wenzake wawili wameinua mtumbwi, wamekohoa ipasavyo, wameanza kuteremka, na Nora huyu hapa katikati ya njia, kichwa wazi, nywele zote nje. Wenzake wakalaani, si yeye, asubuhi yenyewe. Wakageuka watatu wote na mende wao. Mtumbwi mwingine ulikuwa umetangulia, wale hawakumwona. Saa sita hali ya hewa ikageuka. Watatu wa mtumbwi uliotangulia hawakurudi, na kwa desturi ya kule hakuna mtumbwi uliotoka tena mpaka bahari ilipoirudisha miili yote, siku kumi na moja.

"Nora alikuwa ameota ndoto?" niliuliza, vinyweleo vimenisimama.

"Nora alikuwa anamfukuza kuku," alisema Papa Kolumu. "Lakini tangu siku ile sibishani na rangi hiyo."

Mama alikuwa anapiga pasi wakati huo. Alikuwa mtu wa kikundi cha maombi, na nilimtegemea akemee. Kwenye basi akakemea kidogo. "Hii ni mambo ya shetani, Trésor. Usiingize mu kichwa." Lakini mama huyuhuyu, akitoka nyumbani akajikwaa mguu wa kushoto, alirudi ndani, akakaa, akanywa maji, akatoka upya, kana kwamba aliyetoka mara ya kwanza alikuwa mtu mwingine anayefanana naye. Nikamkumbusha.

"Ile haiko shetani," akasema. "Ile ni prudence. Tahadhari."

Sasa, orofa ya pili ya jengo lile alikaa Madame Godeliva, mjane Mflamandi, mtu mzuri, mpenda usafi, na kichwani mwake Mungu alikuwa amewasha moto akasahau kuuzima. Kwa matembezi ya kawaida haikuwa neno. Papa Kolumu alikutana naye, akamsalimu, akaenda zake kununua gazeti la kusomewa. Gazeti si bahari. Lakini Madame Una alipomtafutia miadi ya kupasuliwa jicho, mzee akauweka upasuaji upande wa bahari. Ilikuwa safari ambayo mtu anaweza asirudi kama alivyotoka.

Miadi ya kwanza ilikuwa Jumatano saa nane. Mama amemshika mkono, mimi natangulia. Orofa ya pili mlango ukafunguka, na Madame Godeliva akatoka na kikapu chake. Papa Kolumu akavua kofia. "Mchana mwema, Madame." Akageuka. Ngazi zote akazipanda tena bila kupumzika, akakaa, akavua viatu. Mama akabaki ameshika hewa.

Ya pili ilikuwa kosa langu, na hapa sina mzaha mzuri wa kuwapa. Nilikuwa nimepiga hesabu kwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja: mtu anayeona hahitaji kushikwa mkono. Akipona macho, mama hana kazi, na Jumatano zangu zimekwisha, pamoja na mende, wajane, na biskuti. Basi siku ile nilishuka kabla yao, nikabonyeza kengele ya Madame Godeliva, nikajificha kwenye kona ya ngazi. Alitoka, akatazama huku na huku, na mzee akafika. "Mchana mwema, Madame." Viatu vikavuliwa.

Jioni ile Madame Una alirudi kutoka kazini amechoka hata miwani yake imechoka. Nilikuwa jikoni, mlango wazi.

"Béa, hospitali imetupa nafasi moja ya mwisho," alisema. "Akiikosa hii, siwezi tena. Jicho moja limeshaanza kufa. Nitampeleka kwenye nyumba ya wazee, wao wana daktari mlemle ndani."

"Na mi, Madame?"

"Afanyiwe tu, Béa. Kazi utabaki nayo. Atahitaji mtu wa kutembea naye. Lakini nyumba ya wazee..."

Mama alikunja aproni yake vipande vinne, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi niliirudisha biskuti sahanini. Hesabu yangu yote ilikuwa kinyume. Kumbe nilikuwa nimewauza wote wawili, mzee na mama, kwa kidole kimoja.

Nikaapa kwamba miadi ya tatu lazima afike, hata kama nitamfungia Madame Godeliva ndani kwa kamba. Na kwa kweli niliandaa mpango mzuri. Nilimchunguza kama mpelelezi. Nikajua kwamba Jumatano hiyo anakwenda sokoni na kurudi saa saba na nusu. Nikamweleza Papa Kolumu: tutoke saa saba kamili, ngazi zitakuwa tupu. Akakubali. Mpango haukuwa na tundu hata moja, ila mimi mwenyewe.

Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na harusi ya binamu. Jumanne mama alinituma barabara ya Chaussée d'Ixelles kununua mèche, zile nywele za kusukia, pakiti sita, nyeusi, namba moja. Dukani pale nilikuta wadada wanne wa kauntani, na mimi nikiona watu wanne pamoja naona ukumbi. Nikawaigizia mwendo wa Papa Kolumu kwenye barafu. Wakacheka, nikarudia. Nikanyosha mkono ukutani bila kutazama, nikashika pakiti sita, wakanifungia kwenye mfuko mweusi, nikaondoka nikiwa mtu mashuhuri. Nilipofika nyumbani maduka yamefunga. Msusi, Ya Fifi, yaani dada Fifi, yuko sebuleni, mama ameshafumua kichwa chote, nywele zimesimama pande zote nne za dunia. Mfuko ukafunguliwa.

Ya Fifi alikuwa wa kwanza kusema. "Béa, mutoto wako amekuletea feu rouge, taa nyekundu ya barabarani."

Mama aliinua pakiti moja. "Trésor. Nilikutuma nini?"

"Nyeusi, maman."

"Na hii ni nini?"

"Ni... nyeusi ya harusi."

Ya Fifi aliziba uso kwa kitana. Mama hakucheka. Lakini kutoka nyumbani na kichwa kilichofumuliwa hakuweza, hiyo haikuwa imani wala prudence, hiyo ilikuwa sheria. "Bon," akasema. "Nywele ni nywele. Suka." Mpaka saa nne mama alikuwa amewaka kuanzia paji la uso hadi kiunoni.

Mimi nilikuwa nimelala nusu nilipoelewa. Nikakimbilia sebuleni. "Maman, kesho. Papa Kolumu. Rangi."

Akanitazama kama mtoto mwenye homa. "Ile mambo ni ya Bazungu na nywele yao ya kuzaliwa. Mi na Godeliva tunafanana? Lala."

Ilionekana ni hoja nzito. Kesho yake mama alikuwa na ruhusa ya asubuhi, na adhuhuri alinipitia shuleni, tukaenda pamoja. Ngazi zilikuwa tupu. Teksi imeagizwa. Orofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna mtu. Nilikuwa nimeanza kujipongeza, na tulipokata kona ya mwisho, Papa Kolumu huyu hapa nje ya mlango wake, koti limefungwa, kofia kichwani, fimbo mkononi. Maskini alikuwa amechukua mpango wangu kwa uzito kuliko mimi. Alitaka tusipoteze hata dakika moja. Alikuwa ameshatoka. Alikuwa njiani.

Na kutoka chini kuelekea kwake kulikuwa kunapanda kitu chekundu.

Akavua kofia. "Mchana mwema, Madame Godeliva."

"Ni mi, Papa," alisema mama. "Béa."

Mzee akanyosha mkono hewani kidogo, akaurudisha. "Béa. Nywele zako zina rangi gani?"

Mama angeweza kusema nyeusi. Nilimwomba kwa macho. Lakini mtu wa kikundi cha maombi hawezi kumdanganya kipofu. "Rouge, Papa."

"Sawa," alisema kwa upole sana, akageuka, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.

Chini teksi ilipiga honi. Mama alisimama mlangoni ameshika zile nywele kwa mikono miwili kana kwamba angezing'oa. "Papa, ni za dukani. Si zangu. Ni huyu mutoto..."

"Najua si kosa lako, Béa. Haikuwa kosa la Nora pia."

Kiatu cha kulia kikatoka. Nikapiga magoti mbele ya kile cha kushoto na kukishikilia kwa nguvu zote.

"Papa Kolumu, asubuhi ulipokuwa unakunywa chai, kabla ya kwenda baharini, Nora alikuwa wapi?"

"Jikoni. Ndiye aliyeimimina."

"Na nywele zake zilikuwa na rangi gani?"

"Nyekundu. Wewe unadhani zilipauka usiku?"

"Na ulikwenda baharini?"

"Miaka thelathini."

"Kwa hiyo ndani ya nyumba si mkosi. Basi mama yangu..."

"Mama yako alikuwa kwenye ngazi, Trésor. Nilikuwa nimetoka. Nilimwona njiani." Aliniambia kama hakimu anayesikitika, alitamani sheria iwe nyingine. Nilibaki nimekumbatia kiatu.

Ndipo mama akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya nyumbani. "Papa, sikia. Kwetu muntu akitoka, akagonga mguu wa kushoto, safari imeharibika. Lakini haiko mwisho. Anarudi. Anakaa. Anakunywa kitu. Halafu anatoka tena, na ile ya kwanza inakuwa haikutoka." Haya aliyasema kwa Kiingereza chake cha Ndola, ila mimi nayasikia mpaka leo kwa Kiswahili chetu.

Papa Kolumu aliinua uso. "Inafutika?"

"Inafutika."

"Na kwenu huwa inafanya kazi?"

"Mi niko hapa, Papa. Nilitoka Lubumbashi, nikapita Ndola, nikafika Etterbeek. Nilijikwaa mara ngapi?"

Honi ikapigwa tena. Kisha mzee akasema, "Lakini lazima ifanyike vizuri."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoongoza mchezo wangu wa kwanza wa jukwaani. Mzee nikamvua koti na kofia. Mama akatundika koti lake, akafunga aproni, akaenda jikoni kama mtu aliyelala mlemle. Nikafungua mapazia ili iwe asubuhi. "Habari ya asubuhi, Papa," alisema mama, saa saba na dakika kumi mchana. "Nzuri, Béa. Bahari ikoje?" Mama akachungulia dirishani kwenye barabara iliyojaa magari. "Imetulia, Papa." Akamwekea chai. Nilidhani atainusa tu, kwa heshima ya igizo. Aliinywa yote. Aliinywa ikiwa ya moto, polepole, mpaka majani ya chini, na mimi nahesabu dakika na honi. Alipoweka kikombe akanyosha mkono na kugusa msuko mmoja wa mama, ule wa mwisho begani.

"Sasa nimekuona nyumbani," alisema. "Trésor, kiatu changu."

Tukatoka watatu kwa pamoja. Mama mbele, ngazi moja chini yake, amemshika mkono. Mimi nyuma, nimeshika mkanda wa koti lake kama breki. Nne, tatu. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Chai ile ilikuwa imekula muda wetu wote.

Orofa ya pili Madame Godeliva alikuwa amesharudi sokoni. Amesimama mlangoni kwake na ndoo, anataka kuosha sakafu ya ngazi, kichwa kinawaka kwenye mwanga wa dirisha. Akafungua mdomo kutusalimu. Nikaweka kidole mdomoni; hakuelewa, akafungua zaidi. Basi nikafanya jambo pekee ninalolijua maishani, nikapiga kelele. Nilimwuliza Papa Kolumu kwa sauti iliyofika orofa ya chini mtumbwi mmoja una fito ngapi, na turubai linapakwa lami mara ngapi, na kama mende anaweza kuogelea. Mama alijipanua mabega, akazimwaga nywele zake zote zikining'inia kati ya mzee na ndoo. Nyekundu ya dukani ikaimeza nyekundu ya Mungu. Tukapita. Madame Godeliva alibaki amebeba bonjour yake mkononi pamoja na ndoo.

Teksi ikafika taa ya pili ya barabarani. Nilikuwa na furaha ya kihuni, nimebana mdomo.

"Yule wa pili nilimwona," alisema Papa Kolumu.

Mama alifumba macho. Mimi nikauliza kwa sauti ndogo, ya kwanza maishani mwangu: "Mbona hukurudi?"

"Wa kwanza alikuwa amenishika mkono."

Huko hospitali, tukiwa tunasubiri jina lake liitwe, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia habari ya kengele, siku ile ya pili, kidole changu, kona ya ngazi. Nilitegemea anifukuze. Aliegemeza mikono yake kwenye fimbo.

"Niliisikia kengele," alisema. "Macho ndiyo mabovu. Masikio ni mazima."

"Kwa nini hukusema?"

Akageuza kichwa kuhakikisha mama amekwenda kuuliza karatasi. "Kwa sababu nilikuwa naogopa kisu cha daktari kuliko nilivyowahi kuogopa maji. Ulinisaidia."

Nimekaa na jibu hilo zaidi ya miaka ishirini. Sasa nakaribia arobaini, nimeshasimama nyuma ya pazia mara nyingi nikitafuta mlango wa kutorokea, na nadhani nimeelewa kijiji kile kuliko nilivyokielewa kwa habari za mende. Pale mwanaume hakuweza kusimama ufukweni na kusema leo naogopa. Wenzake wawili wanamngoja, mtumbwi hauendi na watu wawili, na wote wana watoto. Lakini akimwona mwanamke mwenye nywele nyekundu, angeweza kurudi nyumbani kichwa juu, na wenzake wakarudi naye, na hakuna aliyeulizwa. Wale wanawake watatu walibeba woga wa kijiji kizima juu ya vichwa vyao, na kijiji kiliwalipa kwa kukohoa kwa adabu. Mama na mguu wake wa kushoto ni vilevile: mwanamke aliyevuka mipaka miwili na mtoto mgongoni alistahili nafasi ya kukaa chini, kunywa maji, na kuanza upya bila kutoa maelezo kwa mtu. Kama hiyo ni kazi ya shetani, basi shetani ana siku zake nzuri.

Jicho lilipona vizuri. Mwezi uliofuata wakafanya la pili, na safari hiyo alishuka ngazi akamsalimu Madame Godeliva kwa jina, akamsaidia na ndoo. Siku walipotoa bandeji ya jicho la kwanza alimtazama mama kwa muda mrefu.

"Béa, hiyo si nyekundu. Ya Nora ilikuwa kama jani la vuli. Hiyo ni gari la zimamoto."

"Rouge ni rouge, Papa. Ulivua kiatu."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanitazama mimi. "Na huyu ndiye Trésor? Kwa kelele zile nilidhani ni mkubwa zaidi."

Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawasawa. Macho yamefunguka, nyumba ya wazee imesahaulika, kazi ya mama ipo. Tatizo ni kwamba mtu akifunguka macho anaona. Papa Kolumu alisimama dirishani Etterbeek wiki tatu, akaona magari, akaona jengo la mbele, akaona mvua, na wiki ya nne akamwambia binti yake kwamba sasa anaweza kutembea peke yake, kupika peke yake, na anataka kwenda kutazama matuta ya mlimani jua likiwa chini. Akarudi kijijini kwake moja kwa moja. Kiangazi kimoja alitualika. Mitumbwi ilikuwa miwili tu, ya injini, na nyumba nyingi za wageni wa likizo. Mama alijifunga kitambaa kichwani tangu uwanja wa ndege, na asubuhi, bila kuambiwa na mtu, alikaa nyuma ya mlango mpaka aliposikia injini zimefika mbali.

Ila kazi ilikwisha. Mama alipata nyingine baadaye, nzuri tu, lakini hakupata tena mzee wa kumsimulia habari akipiga pasi, wala mwajiri wa kumwandikia barua ya sifa yenye kurasa mbili. Wamama wenzake wa kikundi cha maombi bado humuuliza ilikuwaje akapoteza kazi nzuri namna ile. Huwa anawajibu kwamba ilikuwa mkosi. Wanatikisa vichwa, wanasogea karibu, wanamuuliza huo mkosi alikutana nao wapi njiani.

"Njiani?" anasema mama, akininyoshea kidole mimi niliyekaa kwenye sofa na sahani ya wali. "Hapana. Njo huyu. Nilimuzala mwenyewe."